Nani Analipia Saa za Kungoja?

Saa 12 asubuhi zamu zinapokezana. Mhudumu anayeingia haanzi na usukani. Anazunguka nyuma, anapanda ndani ya gari la wagonjwa na kuanza kukagua. Mshale wa geji ya mtungi wa oksijeni unasoma ngapi? Mashine ya kunyonya makohozi inawaka? Betri ya mashine ya kushtua moyo imejaa? Machela inakaza kwenye reli zake? Kisha anavuta droo ya dawa na kusoma tarehe za vichupa, kimoja baada ya kingine. Adrenalini iliyowekwa mwaka jana inaisha muda mwezi huu, na haijatumika hata tone. Anaitoa, anaandika kwenye daftari, anaweka mpya. Usiku kucha simu haikulia hata mara moja.

Mhasibu akilisoma daftari hilo ataona hasara tupu. Dawa imenunuliwa, haikumtibu mtu, imetupwa. Watu wawili wamelipwa kukesha na hawakumbeba mgonjwa yeyote. Lakini mtu angeumwa na nyuki saa 9 usiku, koo likaanza kuvimba na pumzi kukata, kichupa kile na watu wale wawili ndio waliokuwa tegemeo lake lote. Hakuna anayeweza kukimbilia dukani kununua adrenalini baada ya koo kuziba. Lazima iwe imeshanunuliwa na imeshawekwa kwenye droo, na lazima awepo mtu macho anayejua kuitumia.

Mvutano karibu wote kuhusu fedha za huduma za dharura vijijini unatoka hapo. Jamii inahitaji utayari, lakini mifumo mingi ya malipo imejengwa kulipia safari. Mjini tofauti hiyo haionekani sana kwa sababu safari ni nyingi na zinalipia kungoja. Kijijini hazitoshi, na pengo linalobaki lazima mtu alizibe: serikali, mfadhili, watu wa kujitolea, au familia ya mgonjwa.

Hesabu ya gari moja

Wiki ina saa 168. Gari moja likitakiwa liwe tayari saa zote hizo, likiwa na dereva na mhudumu wa afya, zinahitajika saa 336 za kazi kila wiki. Mtu mmoja akifanya saa 42, wanatakiwa watu 8. Hapo hatujamhesabu aliye likizo, aliyeugua, aliyejifungua wala aliyepelekwa mafunzo. Ukiwaingiza hao unafika watu 10 kwa gari moja, na idadi hiyo haibadiliki gari likiwa katikati ya jiji au pembeni mwa msitu.

Sasa tuseme gari la mjini linapata safari 10 kwa siku, yaani 3,650 kwa mwaka. La kijijini linapata safari 4 kwa wiki, yaani 208. Mishahara ni ileile, bima ya chombo ni ileile, oksijeni na betri ni zilezile. Ukizigawa gharama hizo za kudumu kwa idadi ya safari, kila safari ya kijijini inabeba mzigo zaidi ya mara 17 ya ile ya mjini. Hapo hakuna aliyeiba na hakuna mzembe. Watu ni wachache na eneo ni kubwa, basi. Ndiyo maana huwa nasikia uchungu ninaposoma ripoti zinazoipima huduma ya kijijini kwa gharama ya kila safari, kisha zikahitimisha kwamba haina tija.

Umbali nao unakula kivyake. Chukua hospitali iliyo kilomita 90, nusu ya njia ikiwa ya vumbi. Kwenda ni saa mbili. Kumkabidhi mgonjwa, kusubiri machela irudishwe, kufuta damu na kutandika upya ni saa nzima. Kurudi ni saa mbili nyingine. Kwa saa hizo tano eneo lote halina gari. Jedwali la wizara litaonyesha kwamba eneo lina gari moja, lakini mgonjwa wa pili wa siku hiyo hana gari lolote. Kwa sababu hiyo wapangaji makini huhesabu saa ambazo gari lipo na linaweza kutoka, si idadi ya magari.

Bima inapolipia safari

Marekani inafundisha sana kwenye hili, kwa kuwa ni nchi yenye fedha nyingi na bado vijiji vyake vinahangaika na swali hilihili. Hadi miaka ya 1960, karibu nusu ya huduma za kubeba wagonjwa huko ziliendeshwa na wenye biashara ya mazishi, kwa sababu gari la kubebea jeneza ndilo lililoweza kumlaza mtu. Mwaka 1966 Akademia ya Taifa ya Sayansi ilitoa ripoti iliyoyaita majeraha ya ajali ugonjwa uliopuuzwa, ikalitaja jambo hilo wazi. Mwaka 1973 ikapitishwa sheria iliyoiwezesha serikali kuu kutoa ruzuku kwa maeneo yaliyokubali kujipanga pamoja: mafunzo ya wahudumu, redio za mawasiliano, magari, na hospitali zilizo tayari kupokea. Kwa miaka michache palikuwa na fungu lenye jina lake, kwa kazi yake.

Mwaka 1981 fungu hilo lilivunjwa. Fedha zake ziliunganishwa na za programu nyingine za afya ndani ya ruzuku moja, majimbo yakaachiwa yaamue wenyewe pa kuzipeleka. Kuanzia hapo gari la wagonjwa lilibidi lishindane na kampeni za kinga zilizo kwenye kapu lilelile. Kila jimbo likaenda na lake, na mpaka leo yapo majimbo ambako polisi na zimamoto ni wajibu wa serikali ya eneo kisheria, ilhali huduma ya gari la wagonjwa si wajibu wa yeyote.

Chanzo kikubwa kilichobaki ni bima, hasa Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee iliyoanzishwa 1965. Bima kwa asili yake hulipia tukio. Tangu 2002 Medicare hulipa magari ya wagonjwa kwa jedwali maalumu: kiwango cha msingi cha kumchukua mgonjwa, na nyongeza kwa kila maili. Watunga sheria wanajua kwamba hesabu hiyo haikai sawa vijijini, wakaongeza asilimia 3 kwa safari zinazoanzia vijijini, na asilimia 22.6 juu ya kiwango cha msingi kwa maeneo yenye watu wachache kupita kiasi. Iweke namba hiyo ya 22.6 kando ya mara 17 za hesabu yetu ya mwanzo. Tena nyongeza hizo ni za muda. Zinapokaribia kwisha, Bunge huziongezea muda, kwa hiyo msimamizi wa huduma anayepanga bajeti ya mwaka ujao hupanga akiwa hana hakika kama zitakuwepo.

Kuna kasoro nyingine ndani ya malipo hayo, nayo nadhani inaumiza zaidi kwa sababu inabadilisha namna watu wanavyofanya kazi. Kinacholipwa ni kumsafirisha mgonjwa hadi kituo kinachokubalika, kwa kawaida hospitali. Mhudumu anafika kwenye nyumba ya mgonjwa wa kisukari aliyezimia kwa kushukiwa na sukari. Anamdunga glukosi. Baada ya dakika chache mgonjwa anafumbua macho, anajua yuko wapi, anakula, anasema hana haja ya hospitali. Uhai umeokolewa sebuleni, na malipo ni sifuri. Angebebwa kilomita 90 kwenda kuchunguzwa na kurudishwa, malipo yangekuwepo, na eneo lingebaki bila gari kwa saa tano. Lilifanyika jaribio la kulipia tiba ya papo hapo au safari ya kwenda kliniki badala ya hospitali. Lilianza 2021, likafungwa mwishoni mwa 2023.

Je, kwa miaka yote hiyo nani alilipia kungoja? Kwa sehemu kubwa ya vijiji vya Marekani jibu ni watu wa kujitolea. Mkulima, mwalimu, fundi bomba, kila mmoja akitembea na redio kiunoni, akiacha chakula mezani inapoita. Saa zao hazikuingia kwenye kitabu chochote cha hesabu. Huduma ilionekana ya bei nafuu kwa sababu gharama yake kubwa kuliko zote ilikuwa imebebwa na maisha ya watu hao. Sasa vijana wanahama, waliobaki wanazeeka, mafunzo yanayotakiwa yamerefuka, na wengi wanafanya kazi mbali na kijiji, mahali ambapo huwezi kutoka mbio katikati ya zamu. Kikundi kikivunjika, halmashauri hupokea kwa mkupuo bili ya miaka yote, mishahara ya watu 10 ambayo hakuna aliyewahi kuipangia kodi. Nawaheshimu sana watu hao, na kwa heshima hiyohiyo nasema haikuwa haki kuzijenga huduma za umma juu ya migongo yao bila kuandika popote kwamba wanafanya hivyo.

Gari lipo, mafuta hayapo

Katika nchi zenye kipato kidogo tatizo ni lilelile, ila limegeuzwa. Huko kinachopatikana kwa urahisi kuliko vyote ni gari. Gari hununuliwa kwa bajeti ya maendeleo, au hutolewa na mfadhili, mbunge au shirika. Mafuta, mishahara, matairi na oksijeni hutoka kwenye bajeti ya matumizi ya kawaida. Hivyo ni vitabu viwili, vyenye wasimamizi tofauti na ratiba tofauti za fedha, na mara nyingi anayesaini cha kwanza hajamuuliza wa pili kama ataweza kulitunza gari hilo kwa miaka kumi.

Matokeo yake wengi wameyaona. Gari jeupe lenye king'ora limepaki nyuma ya kituo cha afya, nyasi zimepanda hadi kwenye ringi, tairi moja limehamishiwa gari lingine. Au linatembea, lakini kwa kupeleka chanjo, vifaa na maofisa, kwa sababu ndilo gari pekee lenye uzima. Au lipo, dereva yupo, na ndugu wa mgonjwa wanaambiwa wachange mafuta kwanza. Hilo la kuchangia mafuta mara nyingi huelezwa kama kero ndogo ya uongozi. Kwangu ni mfumo kamili wa fedha: ni malipo kwa safari, yanayodaiwa kwa mtu saa ambayo hana nafasi ya kwenda popote kutafuta pesa. Kila dakika inayotumika kupitisha kofia kwa majirani ni dakika ya damu kuvuja, na mama aliyejifungua akivuja damu nyingi anaweza kufa ndani ya saa mbili.

Nchi kadhaa zimejaribu kuviunganisha vitabu hivyo viwili. India ilianza huduma ya namba 108 mjini Hyderabad mwezi Agosti 2005, mwaka uleule ambao serikali kuu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Afya Vijijini. Huduma huendeshwa na watoa huduma wenye mkataba na serikali ya jimbo, na mgonjwa halipi. Utaratibu uliotumika kuyasaidia majimbo ulikuwa na ngazi ya kushuka. Serikali kuu ilibeba asilimia 60 ya gharama za uendeshaji mwaka wa kwanza, 40 mwaka wa pili, kisha 20. Uzuri wake ni kwamba jimbo lilijua mapema mzigo utalifikia lini. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba ngazi inashuka kwa mwendo uleule kwa jimbo tajiri na jimbo maskini, na jimbo maskini ndilo lenye vijiji vilivyo mbali zaidi na hospitali.

Brazil ilichagua njia nyingine, na ningependa ijulikane zaidi. Huduma yake ya namba 192, inayoitwa SAMU, ilianzishwa kama sera ya taifa 2003 na kupewa nguvu za kisheria 2004. Gharama za uendeshaji hugawanywa: serikali kuu nusu, na nusu iliyobaki hubebwa na jimbo pamoja na manispaa, robo kwa robo. La maana zaidi ni namna sehemu ya serikali kuu inavyotoka. Hutumwa kila mwezi kwa kila gari na kila kituo cha simu kilichosajiliwa na kutimiza masharti. Halihesabiwi limebeba wangapi. Kwa maneno mengine, zile saa za kungoja zina mstari wake kwenye bajeti ya taifa. Na neno gari hapo linachukua pia boti, kwa kuwa kwa jamii za kando ya mito ya Amazon barabara ni maji. Manispaa ndogo hushirikiana kituo kimoja cha simu, ambamo daktari huisikiliza kila simu na kuamua nini kitumwe. Utaratibu huo nao una matatizo yake. Viwango vya serikali kuu visipopandishwa kwa muda mrefu wakati bei zinapanda, ile nusu hugeuka kuwa pungufu ya nusu, na anayebaki na tofauti ni manispaa.

Fedha zitoke mfuko gani?

Hapa watu hubishana sana, na nadhani wanabishana kwa sababu kila chanzo kina hitilafu inayoonekana vijijini tu.

Kodi ya eneo ni ya haki machoni pa wengi: wanaohudumiwa ndio wanaochangia. Lakini eneo lenye watu wachache lina walipa kodi wachache, na mara nyingi sehemu kubwa ya ardhi yake ni msitu, hifadhi au mali ya serikali isiyotozwa kodi. Barabara kuu inayopita katikati huleta majeruhi wa ajali ambao hawaishi hapo wala hawalipi kodi hapo, na gari la wagonjwa la kijiji ndilo linalowafuata.

Uanachama wa hiari, ambao jimbo la Victoria huko Australia linautumia, humlinda aliyejiunga asiletewe bili kubwa. Asiyejiunga, aliye maskini au asiyejua, ndiye anayebaki na bili. Jirani zao wa Queensland walikwenda kwa tozo. Kuanzia 2003 akaunti za umeme zilitozwa mchango wa huduma ya gari la wagonjwa. Ilikuwa rahisi kukusanya na ilileta fedha za uhakika, lakini mita ya umeme haijui nani tajiri na nani maskini, na mchango ulikuwa mmoja kwa wote waliotozwa. Tozo ilifutwa 2011, gharama ikahamia kwenye mapato ya jumla ya jimbo, na wakazi wa Queensland hawatozwi safari.

Kenya inaonyesha mkanganyiko wa aina nyingine, wa nani mwenye wajibu. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linaiweka huduma ya ambulensi mikononi mwa kaunti. Haki inadaiwa kwa taifa zima, gari linadaiwa kwa kaunti, na kaunti hazilingani kwa ukubwa wala kwa mapato. Kaunti kame yenye vijiji vilivyotawanyika ina saa nyingi za kungoja na kilomita nyingi za kwenda kuliko kaunti yenye mji mkubwa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilianzisha mifuko mitatu, mmojawapo ukiwa wa dharura na magonjwa sugu na mahututi, nao unategemea fedha zinazotengwa na Bunge badala ya michango ya wanachama. Hapo naona hatua ya kweli, maana dharura haimsubiri mtu alipe mchango wake. Lakini mfuko unaolipa huduma iliyokwisha kutolewa hauwezi peke yake kumlipa dereva aliyekesha bila kuitwa. Sehemu hiyo inabaki kwa kaunti, na ndiyo sehemu nzito.

Jibu la zamani kuliko yote ninayoyajua lilitoka kaskazini mwa Uskoti. Mwaka 1912 kamati iliyoongozwa na Sir John Dewar ilizunguka milima na visiwa vya huko ikakuta madaktari wachache, wakazi maskini, na safari za boti na farasi zilizogharimu kuliko ada yoyote ambayo mgonjwa angeweza kulipa. Hitimisho lake lilikuwa wazi: daktari wa huko hawezi kuishi kwa ada. Mwaka 1913 serikali ikaanzisha huduma maalumu kwa ruzuku ya pauni 42,000 kwa mwaka. Daktari alihakikishiwa kipato cha msingi na kulipiwa gharama za safari, ada ya mgonjwa ikawekwa chini, na asiye nacho hakuachwa. Umbali ukawa mzigo wa hazina badala ya mzigo wa mgonjwa. Mwaka 1933 ndege zilianza kuwachukua wagonjwa visiwani. Yote hayo yalifanyika kabla ya 1948, mwaka ambao Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa.

Dereva anayeitwa akiwa kazini kwake

Tanzania kuna mpango wa m-mama, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu unaonekana kuipinga hoja yangu. Unashughulikia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa 2022, kwa ushirikiano wa serikali na Vodafone Foundation. Ndugu wa mgonjwa au mhudumu wa zahanati anapiga 115 bila malipo. Mratibu aliye zamu anauliza maswali yaliyopangwa, anaamua kama ni dharura na mama apelekwe kituo gani, kisha anatafuta chombo. Gari la wagonjwa likiwa mbali au likiwa na mgonjwa mwingine, anampigia dereva wa jamii, mtu mwenye gari lake aliyesajiliwa na kufundishwa. Dereva akimfikisha mama na kituo kikathibitisha, fedha zinaingia kwenye simu yake.

Hayo ni malipo kwa safari waziwazi. Mbona yanafanya kazi? Kwa sababu saa za kungoja za dereva zimekwisha kulipiwa na abiria wake wa kila siku. Umma unanunua safari tu, kwenye chombo ambacho kingekuwepo hata bila huduma ya afya. Familia haichangi mafuta. Kwa kata ambayo haitapata gari la wagonjwa miaka ya karibuni, sioni njia bora zaidi ya kutumia fedha kidogo.

Lakini tazama kule kwenye simu. Mratibu lazima awe macho saa 24, awepo wa kumpokea, awepo umeme, na orodha ya madereva iwe hai, si ya mwaka juzi. Gharama ya kungoja haikufutika. Imetolewa kwenye magari mengi na kukusanywa kwenye chumba kimoja, ambako inakuwa ndogo zaidi kwa kuwa inahudumia eneo kubwa. Kata mshahara wa zamu ya usiku ya chumba hicho, na madereva wote waliosajiliwa hawatajua kwamba kuna mama anayewahitaji. Halafu gari la abiria halina oksijeni wala mkunga. Linafaa pale adui anapokuwa ucheleweshaji wenyewe. Kwa mgonjwa anayehitaji kutibiwa njiani halitoshi, na mpango wowote utakaolitumia kama sababu ya kutonunua huduma kamili utakuwa umewadanganya watu.

Kulipia utayari bila kulipia uvivu

Wapo wanaoogopa, na wana sababu, kwamba ukimlipa mtu kwa kungoja atangoja tu. Mkataba wa malipo ya mwezi usio na ukaguzi unaweza kuzaa gari hewa, lililopo kwenye orodha na lisiloweza kutoka. Lakini mkataba wa kilomita nao unakaribisha kilomita hewa, na wa safari unakaribisha safari zisizo na mgonjwa. Hakuna njia ya malipo inayojilinda yenyewe. Kinachosaidia ni kupima kile unachokinunua. Unanunua utayari, basi pima utayari: saa ngapi mwezi huu gari lilikuwa na watu wawili, mafuta na oksijeni, dakika ngapi zilipita kati ya simu kupokelewa na gari kuondoka. Saa ambazo gari halikuwa tayari zikatwe kwenye malipo. Daftari lile la saa 12 asubuhi, lenye geji na tarehe za vichupa, ndilo ushahidi wa kwanza.

Muda wa kufika nao upimwe kwa uangalifu. Wastani wa nchi huvutwa na miji, ambako simu nyingi zinatoka, hivyo unaweza kuimarika huku vijiji vikizidi kuachwa. Na kuna matukio ambayo hakuna bajeti ya magari itakayoyawahi. Moyo ukisimama, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kwa kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na kushtuliwa. Kijiji kilicho dakika 40 kutoka kituoni kinaokolewa na jirani aliyefundishwa, si na gari. Mafunzo ya kukandamiza kifua na kuzuia damu hugharimu kidogo mno ukilinganisha na gari moja, na nashangaa kwamba mara nyingi ndiyo yanayokatwa kwanza.

Jambo moja zaidi huwa halionekani kwenye bajeti ya dharura kwa sababu huamuliwa katika kikao kingine. Wodi ya wazazi au hospitali ndogo ikifungwa kwa kukosa wagonjwa wa kutosha, kila safari iliyokuwa ya nusu saa inakuwa ya saa mbili. Marekani imeshuhudia zaidi ya hospitali 100 za vijijini zikifungwa au kuacha kulaza wagonjwa tangu 2010. Fedha zilizookolewa hubaki kwenye hesabu za hospitali. Gari la wagonjwa hupokea kilomita zote, na kwa kawaida halipokei chochote kati ya fedha hizo.

Mwananchi anayetaka kujua huduma ya eneo lake imesimama wapi anaweza kuomba kitabu cha bajeti na kuanza na kurasa za matumizi ya kawaida. Atafute kasma ya mafuta ya gari la wagonjwa, aone kama imetengwa peke yake au imechanganywa na mafuta ya magari ya ofisi. Atafute posho ya zamu za usiku na za sikukuu. Atafute kujaza oksijeni, matengenezo, na dawa za kubadilisha zinazoisha muda. Kisha aulize fedha za kila robo ziliingia tarehe gani. Ikiwa robo ilianza na fedha zikafika wiki kumi baadaye, kwa wiki hizo kumi mafuta yalikopwa kituoni kwa jina la mtu fulani, au familia zilichanga, au gari halikutoka.